Ng'ombe Aliyeitwa Babu

Nyumbani kwa mama yangu, kijijini upande wa barabara ya Isaka, palikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, nasi tulimwita Babu ingawa alikuwa jike. Hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa ng'ombe wa masamva, yaani wa wahenga wetu, aliyetengwa kwa jina la babu mzaa baba. Mmoja akizeeka, mwingine wa rangi ileile hutengwa, na jina humhamia. Hauzwi, hachapwi fimbo, na maziwa yake hunywewa na damu ya ukoo tu. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, tulipotoka Nyahanga kwenda kumsalimu mama, mke wangu alipewa chai ya rangi, nami nikainywa hiyohiyo pamoja naye.

Nilikuwa mzee wa kanisa, nimepita chuo cha Biblia, nafundisha wengine. Lakini zizi lile lilikuwa la mama, si langu, na imani haifunguliwi kwa kuvunja mlango. Kila asubuhi nilimwona akipiga goti mbele ya ng'ombe yule, macho chini, kama mkwe mbele ya baba mkwe.

"Mwangaluka, guku," alimsalimu kwa Kisukuma. Umeamkaje, babu.

Mwaka juzi, mvua zilipokatika, aliniita tukakaa nje ya jiko.

"Mwanangu, nataka kubatizwa. Nimechoka kuogopa."

"Unaogopa nini, mayu?"

"Mtoto akikohoa tu hapa nyumbani, najiuliza jana nilimkosea nini yule ng'ombe."

Nilikuwa nimeyaombea maneno hayo tangu ujana wangu.

Ikabidi baba mdogo aambiwe. Huyu ni kitinda mimba wa babu, amenizidi umri kidogo tu, na tangu baba afariki yeye ndiye mkuu wa ukoo. Alisikiliza huku akichora chini kwa fimbo yake.

"Shemeji, uzee umekupanda kichwani," alimwambia mama. "Batizwa ukitaka, hata mara mbili, maji ni ya Mungu. Lakini ukimwondoa Babu hapa, siku ukifa usinitafute. Wakuzike hao wanakwaya."

"Wanakwaya angalau wataniimbia. Sauti yako wewe inafukuza fisi."

Kwa kawaida utani wao wa mashemeji humalizikia kwenye kicheko. Siku hiyo hakucheka. Mwanawe alikuwa Geita, anashuka duarani, kwenye mashimo yale ya wachimbaji wadogo, na kila alipoaga alinyunyiziwa maziwa ya Babu.

"Wewe msomi," akanigeukia, "ule udongo juu ya kichwa cha mwanangu, unadhani unashikwa na nani?"

Baba mwenye hofu juu ya mwanawe hajibiwi kwa mstari wa Maandiko.

Alipoondoka, mama aliniuliza, "Nani atanizika?"

"Mimi nipo, mayu."

"Wewe ni mtoto. Mtoto hamziki mama yake peke yake."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamke aliyelipiwa mahari huzikwa na ukoo wa mumewe, na mkuu wa ukoo ndiye anayeonyesha mahali pa kuchimba. Mama hakuogopa kufa. Aliogopa kulala kaburini kama mpita njia.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Mwinjilisti wa kijiji, kijana mwema mwenye haraka, alishauri Babu apelekwe mnadani, nami nikakubali. Mfanyabiashara wa mbali asiyejua habari zake alimnunua, akamswaga pamoja na wengine kwenda Isaka wakapakiwe kwenye lori.

Siku chache baadaye, asubuhi, mimi na mke wangu tukiwa bado kijijini, tulimkuta Babu mlangoni kwa mama, kamba ikining'inia shingoni, analia.

Uji haujaiva, kijiji kizima kilikuwa uani. Baba mdogo alifika kwa bodaboda, chombo alichoapa kutokipanda maishani.

"Mmeona? Mzee amerudi kwake! Mnamuuza baba yangu kama kuku!"

Nyuma yake akaja mfanyabiashara, vumbi hadi kwenye kope. Alipoelezwa yule ni ng'ombe wa nani, alirudi nyuma hatua moja.

"Jamani, nirudishieni fedha yangu. Mimi nilinunua ng'ombe, sikununua marehemu."

Mwinjilisti alifungua Biblia, akaanza kupekua kurasa. Mimi nilimtazama mama tu. Nilijua akiamini ni baba mkwe aliyerudi, habari ya ubatizo imekwisha, na ile hofu atakufa nayo. Alikuwa amesimama, kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio. Kutoka zizi la ndani ndama akalia. Babu akaitika.

Mama akapiga makofi.

"Nyie wasomi! Mmeuza mama, mkaacha ndama!"

Ndivyo tulivyofanya. Ndama yule hakuwa wa masamva, kwa hiyo hakuna aliyemfikiria. Tulihangaika na mizimu mpaka tukasahau kiwele. Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua kwamba ng'ombe aliyeacha ndama nyuma atarudi, hata umpeleke wapi.

Mama aliinama akamshika chuchu. "Tazama zilivyojaa. Shemeji, huyu amemfuata mwanawe. Na baba yako mimi nilimpikia ugali kwa mikono hii. Alikuwa mtu. Hakuwahi kula majani."

Watu walicheka, na dereva wa bodaboda naye. Baba mdogo aliuma mdomo.

"Hauzwi tena," mama akasema. "Ng'ombe hana kosa. Abaki, awe ng'ombe."

Akakamua kidogo kwenye kikombe, akamwachia ndama maziwa yaliyobaki. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mke wangu. "Kunywa, binti yangu."

Mke wangu alinitazama, akamtazama baba mdogo, akapokea kwa mikono miwili. Alikunywa hadi mwisho, povu likambaki mdomoni. Uwanja mzima ulingoja jambo. Halikutokea jambo. Baba mdogo aliondoka kwa miguu bila kuaga.

Miezi iliyofuata nilikwenda kwake mara nyingi, wala si kwa ubishi. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaongea mvua na bei ya pamba. Kabla ya kuondoka niliomba ruhusa ya kumwombea mwanawe kwa jina.

"Omba," alisema mara ya kwanza. "Maneno hayalipiwi ushuru."

Baadaye akawa ananikumbusha mwenyewe nikishika mlango: "Unaondoka hujamwombea yule."

Mama alibatizwa kwenye lambo la kijiji, wanaponyweshea mifugo, maana ndiyo maji tuliyo nayo. Mchungaji alikuwa ameshaingia hadi kiunoni, mama amemshika mkono, tulipoona kundi la ng'ombe likishuka ukingoni. Lilikuwa la baba mdogo, naye yuko mbele. Nikadhani amekuja kutuvurugia maji. Lakini aligeuka, akatanua mikono na fimbo yake, akawazuia ng'ombe wake wasisogee.

"Fanyeni upesi!" alipaza sauti. "Wana kiu hawa!"

Mama alizamishwa, akaibuka akikohoa na kucheka. Kwaya ikaimba. Alipopanda ukingoni, maji yakimtiririka, baba mdogo alikuwa bado amewazuia.

"Shemeji," akasema bila kumtazama, "siku yako ikifika kaburi nitaonyesha mimi. Huyu mchungaji wako ana viganja vya mwalimu, hata jembe hajui."

"Na utaimba?"

"Nitaimba."

"Basi wacha niishi kwanza," mama akasema. "Na hao ng'ombe waruhusu wanywe."