Santuri za Mjomba na Sikio la Binti wa Jirani

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana Diani, kwenye mkahawa mpya ulio kando ya barabara ya mahoteli. Aliyenialika alichelewa, nikabaki nikiangaza macho, na ndipo nilipoziona: santuri ndogo, zile za nyimbo mbili, wimbo mmoja kila upande, zimepigiliwa misumari ukutani kama mtu anavyopigilia kalenda. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akihudumu kama huwa zinapigwa. Akacheka kwa adabu.

"Hapana, mama. Hizo ni mapambo tu."

Sikula vizuri siku hiyo. Niliwatazama watu waliokuwa wakichambua samaki chini ya zile santuri bila hata kuinua macho, nikawaonea wivu kwa kutojua kwao. Utaniambia ni upuuzi, na mimi sitabisha. Lakini kwangu mimi wivu na santuri vililelewa nyumba moja, na nyumba yenyewe ni ile ya bibi, Tiwi, miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho.

Tulikuwa watu watatu pale. Bibi mzaa mama, mimi, na mjomba wangu, kaka yake mama. Mama alikuwa ameolewa Msambweni na kuniacha nimalizie shule. Mjomba alikuwa akisafisha bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya ufukweni. Alirudi jioni akinuka dawa ya bwawa, na vidole vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Ungemwona njiani usingemgeukia mara mbili. Lakini miaka ya sabini, kabla mimi sijazaliwa, huyo huyo ndiye aliyekuwa mpiga santuri katika ukumbi wa dansi wa hoteli ile. Kaseti zilipoingia, meneja alimwambia lile kasha la santuri limekuwa takataka: alichukue, au litupwe. Akalibeba kichwani mpaka nyumbani, na siku ya pili akarudi kuichukua gramafoni ya mkoba iliyokuwa imevunjika kifuniko.

Zilikuwa nyimbo za roki. Magitaa makali, ngoma za kupasua, na wanaume wa Ulaya wenye nywele ndefu wakipiga ukelele. Bibi hakuwaelewa hata kidogo. Kila Jumapili aliuliza swali lile lile: "Huyo leo kang'atwa na tandu gani?" Mjomba alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, na uso wake ulikuwa uso wa kijana nisiyemjua.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ya mapumziko. Mchana nilikuwa nikikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, bibi akimenya muhogo, na harufu ya tui likichemka na pilipili ilikuwa ikitoka jikoni mpaka barazani. Tukishakula, Mjomba alitandika mkeka barazani, akaiweka gramafoni katikati, akaifuta vumbi kwa kitambaa cha fulana kuukuu. Hapakuwa na umeme kwetu. Gramafoni ilikula mawe sita ya betri, yale makubwa ya tochi, na mawe mapya hayakununuliwa mara kwa mara. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuyaanika. Jumamosi niliyapanga juu ya bati la banda la kuku, juani, yapate nguvu ya kumaliza Jumapili nyingine. Ndiyo hiyo tu. Mimi, mpwa wa mjomba, nilikuwa mwanika mawe.

Aliyeshika santuri alikuwa binti wa jirani.

Jirani yetu alikuwa mama kutoka bara, aliyefanya kazi ya kupiga pasi mashuka hotelini. Alipanga vyumba viwili nyuma ya shamba letu na binti yake mmoja, rika langu, darasa moja nami. Jumapili walikwenda kanisani asubuhi, na alasiri binti alikuja kwetu angali na gauni lake la kanisani na soksi nyeupe. Alisema "Shikamoo, Mjomba" kwa sauti ndogo, kama aliyekuwa akijifunza adabu zetu na kuogopa kukosea. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa mkeka. Wiki ya tatu, wimbo ulipokwisha, aliurudia. Si maneno tu, ndugu yangu. Alilirudia gitaa, kwa mluzi, kona zake zote, mpaka pale linapokwama na kuteleza. Mjomba alifumbua macho.

"Umewahi kuusikia huu?"

"La, Mjomba. Ni leo tu."

Kuanzia siku hiyo ndiye aliyetoa santuri kwenye kasha, akaishika kwa kingo bila kuigusa uso, akaishusha sindano taratibu kama anayemlaza mtoto. Mjomba akamwita Sikio. "Sikio, tupigie ile ya lebo ya kijani." Ile ya lebo ya kijani aliipenda kuliko zote, na ilipigwa mwisho kila Jumapili. Mimi niliomba kushika sindano mara moja. Ilinitetemeka mkononi ikakwaruza, na Mjomba akaninyang'anya. Hakunigombeza. Afadhali angenigomba.

Nawe ujue kwamba kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kuazimana. Tangu zamani urithi wa mjomba ulikwenda kwa mtoto wa dada yake. Sheria ya dini ilikuwa imeshaushinda mtindo huo, lakini bibi aliusema kila mara kama jambo la jana, na mimi niliushikilia kwa kucha. Kila kilichokuwa chake nilikihesabu changu, na zile santuri kwanza. Basi hebu nifikirie nimekaa kwenye kibaraza, mikono inanuka nazi, namtazama mtoto wa watu akilipekua kasha langu.

Bibi aliniona. "Wivu ni moto wa makumbi ya nazi," aliniambia tukiosha vyombo. "Hauwaki ukaonekana. Unafuka chini kwa chini, mpaka unashangaa nyumba imekwenda." Nilimwambia mimi sina wivu. Akaniangalia, akaendelea kusugua sufuria kwa mchanga.

Jumapili moja Mjomba alisema, kama mtu anayesema na nafsi yake: "Nikifa, santuri hizi ziende kwa mwenye kuzisikia." Binti wa jirani aliinamisha kichwa kwa haya. Mimi niliondoka barazani nikaenda kukaa chooni mpaka kiza kikaanza kuingia.

Jumamosi iliyofuata Mjomba alikuwa kazini na bibi amekwenda msibani Waa. Niliyapanga mawe juu ya bati la banda la kuku. Kisha niliingia ndani, nikaitoa ile ya lebo ya kijani kwenye bahasha yake, nikaiweka juu ya bati vilevile. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Nilijiambia nataka isikike vibaya kidogo tu, siku moja tu, ili Sikio aonekane hajui kuitunza. Nikakaa kivulini nikiitazama. Kwanza haikufanya kitu. Halafu ikaanza kulegea, polepole, kama chapati juu ya kikaango, ikalalia mabonde ya bati. Ningeweza kuinuka. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Sikuinuka.

Ilipopoa niliirudisha katika bahasha yake.

Kesho yake binti wa jirani aliitoa mwishoni, kama ada. Aliitazama, akasita, akamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ameshafumba macho. Akashusha sindano. Ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, na yule mwimbaji akatoa sauti ya mlevi anayezama. Mjomba aliinyanyua santuri mwenyewe. Akaiinua usawa wa jicho, akaizungusha.

"Nani ameiacha juani?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Wa mwisho kuishika ni yeye." Lilikuwa neno la kweli, kwa kuwa ni yeye aliyetoka kuiweka, na ndiyo maana lilikuwa baya zaidi kuliko uongo.

"Mimi sikuiacha juani, Mjomba," alisema binti wa jirani. Basi. Hakulia, wala hakunitaja, ingawa aliniangalia kwa namna iliyonifanya nishughulike na kamba ya mkeka. Mjomba alifunga kasha. Alisema kwa muda huo santuri zitashikwa na mimi.

Ndiyo jinsi nilivyopata kiti nilichokitaka. Jumapili mbili nilishusha sindano, na kila wimbo ulipita mbele yangu kama mtu asiyenijua. Mkono wangu ulikuwa umetulia sasa, lakini sikusikia kitu. Binti wa jirani hakuja. Nilimwona ng'ambo ya ua wa makuti akianua nguo, akipiga mluzi, na hata mluzi ule niliuonea wivu.

Kisha ukaingia mwezi wa nane, na pwani yetu ya kusini ikaharibika. Walioishi hapa wakati ule wanajua, na wasioishi sitawasimulia yote. Watu wa bara walitishwa waondoke. Nyumba zilichomwa, watu wakafa, na wengine waliokuwa wakisalimiana asubuhi kisimani wakaacha kutazamana. Bibi hakungoja kuombwa. Alikwenda mwenyewe mchana kweupe, akamshika jirani mkono, akamwambia: "Dada, chukua mtoto na chungu cha uji, njooni ndani mwangu. Atakayewataka ataanza na mimi." Akawafungia chumbani mwake siku mbili. Binti akapewa kitanda changu, kilichokuwa humo humo. Mimi nililala sakafuni, karibu nao, nikisikia pumzi yake ya hofu. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: hata hapo nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kitanda, na kwa jinsi bibi alivyompapasa kichwa. Mtoto anayekimbia kuuawa, na mimi nahesabu nani kapapaswa.

Siku ya tatu, asubuhi, likapatikana lori la mchanga la kuwapeleka Likoni, wavuke Mombasa, wakatafute basi la kwao. Mama yake alibeba godoro na mfuko wa nguo. Alimwambia bibi, "Mama, Mungu akuongezee," akapanda lori. Hapo ndipo Mjomba alipotoka ndani amebeba kasha. Lile kasha zima. Akampandishia binti wa jirani pale alipokaa juu ya godoro.

"Gramafoni siwezi kukupa, imechoka, itakufia njiani," alimwambia. "Utapata nyingine huko. Hizi chukua, Sikio."

Binti alilikumbatia kasha. Alikuwa akilia sasa, jambo ambalo hakulifanya siku zile mbili zote.

"Na ile ya kijani," Mjomba akaongeza, "hukuiharibu wewe. Najua."

Alisema bila kugeuka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua mbili. Binti wa jirani alinitazama juu ya bega la Mjomba. Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu, lori lilikuwa halijawashwa. Niliinama nikaufunga mkanda wa kiatu ambao haukuwa umefunguka. Nilipoinuka, lori lilikuwa limeshika barabara, na mimi nikalia, na bibi akadhani namlilia rafiki. Nililia kwa sababu kasha limekwenda. Kumlilia yeye kulikuja baadaye sana, na kulikuja peke yake, bila mashahidi.

Hatukuwasikia tena. Hoteli zilikaa tupu baada ya mambo yale, bwawa la Mjomba likaota kijani, akaachishwa. Akalima mihogo, akauza mabuyu. Hakuwahi kuniuliza. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, na hakuuliza.

Nilimwambia mwenyewe alipokuwa akiugua, miaka mingi baadaye, kitandani hospitalini Msambweni. Nilikuwa nikimlisha uji. Nilimwambia yote, hata zile hatua kumi. Akameza taratibu.

"Ile santuri ilikuwa na mabonde ya bati," alisema. "Bati lilikuwa moja tu pale nyumbani, na anayelipanda alikuwa mmoja. Nilijua Jumapili ile ile, kabla sijafunga kasha."

"Sasa mbona ulimwadhibu yeye?"

"Hilo ni kosa langu, si lako. Niliona aibu kwamba ni mtoto wa dada yangu. Nilidhani nina muda wa kulitengeneza."

"Ndiyo maana ulimpa kasha lote?"

"Nilimpa kwa sababu alikuwa anaondoka, mwanangu. Wewe ulikuwa unabaki nami. Nilidhani hilo litakutosha."

Halikunitosha, na ndilo lililonifanya niuweke uji chini. Miaka yote ile nilikuwa naye, Jumapili baada ya Jumapili, mzee mwenye kichwa kilichoinama upande akisikiliza ukimya wa baraza, nami nikikaa naye huku namfikiria aliyeondoka na kasha.

Mjomba hayupo tena. Bibi alitangulia kabla yake. Ile nyumba imeuzwa, na pale barazani sasa pana ukuta wa nyumba ya wageni wa likizo. Mawe ya tochi hakuna anayeyaanika. Hata neno santuri nikilitaja mbele ya wanangu hutazamana. Lakini hayo yote dunia imeyachukua kama inavyochukua vyote, na sina ugomvi nayo. Ninachokiulizia ni kimoja. Kila ninapokutana na mtu wa bara aliyeishi upande wetu miaka ile, humwuliza habari za mama mmoja aliyepiga pasi hotelini na binti yake mwenye mluzi. Hakuna anayewajua.

Huenda binti yule yu hai na ana watoto. Huenda bado anazipiga. Na najua ninachotaka kumwambia, ingawa tayari anakijua, maana alikijua tangu pale mkekani. Lakini kujua ni jambo moja, na kuambiwa na aliyekukosea ni jingine, na hilo la pili ndilo nililomnyima nikiwa nimeinamia kiatu changu.