Wafu Waliomkalia Mjomba Kifuani

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Lusangi, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kushiba na kulala papo hapo. Koko, yaani mama ya mama yangu, hakutaka kabisa. Alikuwa na imani yake: mtu akijaza tumbo halafu akalala chali, wafu wanaopita njiani wanamwona ametulia, wanafikiri ni mwenzao, wanakuja kumkalia kifuani wapige naye hadithi.

"Ule moto unasikia hapa," alisema, akinichoma kidole chini ya koo, "ni matako yao."

Nacheka mpaka leo. Lakini hatukubisha. Kila tukimaliza chakula cha mchana, hata jua liwe la kupasua kichwa, tulipanga mstari nyuma yake, tukazunguka nyumba polepole, matumbo mbele, mpaka yeye aseme kimeshuka. Majirani walituita bata za Koko. Vitanda vyetu vyote viliwekewa matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, ili mfu akichungulia adhani mtu ameketi. Na giza likishaingia, ukiomba chakula ulipewa maji.

Sasa Mjomba Donasiani, mdogo wa mama yangu. Huyo alikuwa karani wa pamba, mwenye soksi mpaka magotini na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Alikuwa amesoma kwa mapadri miaka michache, na ile michache ilimpanda kichwani. Alikula bugali kama anaijenga, na sombe, majani ya muhogo, inayoogelea mu mawese, na pilipili ya kutosha harusi nzima. Akimaliza, sisi tunazunguka juani, yeye anajilaza kwenye kiti kirefu barazani, miguu juu, anatucheka. Matofali ya kitanda chake aliyatoa, akayafanya ngazi ya kupandia baiskeli. Mwanaume mzima, anapanda baiskeli kwa ngazi.

"Mama, hizi ni mambo ya washenzi," alimwambia Koko mbele ya wageni. "Tumbo ni mashini. Asidi ikipanda, unaweka dawa, inashuka."

"Weka, baba," Koko akamjibu. "Wao watakungoja."

Dawa yenyewe ilikuwa unga mweupe, bikarbonate. Infirmye, muuguzi wa zahanati, alimpa kidogo, kijiko kimoja mu maji, kwa siku chache, na akamwambia arudi kama moto hauishi. Moto haukuisha, na Donasiani hakurudi. Arudi kwa nini, wakati aligundua kwamba unga huo unauzwa kwa mfanyabiashara wa barabarani, na hakuna wa kumuuliza swali? Kila Jumamosi alinituma mimi na kikopo cha maziwa kitupu, kwa siri, na malipo yangu yalikuwa biskuti mbili. Kijiko kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Mwisho akawa anakunywa unga kabla ya kula, ili apate kula zaidi. Huyo ndiye aliyesoma.

Miezi ikapita. Soksi zikaanza kumshuka, miguu imekonda. Siku moja akanituma nipeleke majivu chooni, ya kufunika.

"Choo yangu imekuwa nyeusi, kama lami," akaniambia, hata hakuniangalia. "Usiambie mutu. Ukisema, biskuti zimekwisha."

Na mimi, mtoto ambaye nilishawaambia Lusangi nzima kwamba katekista anapigwa na mke wake kwa mwiko, mimi nikafunga mdomo. Koko alikuwa ameona kikopo. Akaniita pembeni.

"Mu kile kikopo iko nini?"

"Chumvi, Koko."

"Chumvi ya kila Jumamosi?"

"Mjomba anapenda chumvi."

Akaniacha niende. Nilikimbia kwenda kula biskuti yangu.

Wiki mbili baadaye wakaja wazazi wa mchumba wa Mjomba, baada ya misa. Donasiani alitaka waone kwamba hapa kuna mwanaume. Akala sahani tatu, akajilaza mbele ya baba mkwe, akaanza kufundisha habari ya mashini ya tumbo. Katikati ya somo akainuka, rangi imemtoka, akatapika kitu cheusi kama mabaki ya kahawa, juu ya soksi zake mwenyewe. Halafu akaanguka.

Koko hakulia. Alinishika sikio, akainama.

"Sasa sema."

Nikasema yote: kikopo, vijiko, majivu, lami. Wanaume wanne wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka Kasongo, Koko akitembea kando, na hospitalini ni yeye aliyemweleza munganga, yaani daktari, kila kitu, kama nilivyomweleza. Ilikuwa kidonda cha tumbo, cha siku nyingi, kinavuja damu, na unga ulikuwa unatuliza maumivu tu huku kidonda kinaendelea kula. Walimpasua. Munganga alimwambia Koko kwamba kama habari ya lami ingefika kwake mapema, labda kisu kisingehitajika.

Mchumba hakurudi. Donasiani alirudi, nusu ya mwili wake, na mchana wa kwanza baada ya chakula akasimama mu mstari, nyuma ya mtoto mdogo kuliko wote. Bata wa mwisho. Hiyo niliitangaza mpaka sokoni.

Leo nakaa Kasongo kwa binti yangu, na ujinga ule ule nauona umevaa nguo mpya. Mukwe wangu Faustin anakula mbuzi na bia saa nne za usiku, anajitupa kitandani na telefone juu ya kifua, kisha anameza kapsule ya kupunguza asidi. Munganga alimwandikia za wiki chache. Huu ni mwaka wa nne. Farmasi za hapa zinamuuzia kama bonbon, kama peremende za watoto.

Kwetu mama mukwe hasemi habari ya tumbo la mukwe wake. Ni aibu. Mimi nilienda mwenyewe kwa munganga, nikasema. Alimwita Faustin, akamweleza kwamba kapsule ni nzuri kwa mwenye kuzihitaji, ila kuzimeza miaka bila kufuatiliwa kunaweza kudhoofisha mifupa, kupunguza vitamini mwilini, hata kuficha ugonjwa mkubwa. Tena asiziache kwa siku moja, moto unaweza kurudi kwa nguvu. Azipunguze pamoja naye. Ale kidogo, ale mapema, ainue kitanda upande wa kichwa. Wakati wa Koko hiyo ilikuwa ushenzi.

Faustin ana miezi miwili hanisalimii.

Sidhani kwamba wafu wana matako. Koko alijua la kufanya, sababu aliikosa. Mjomba alijua neno asidi, basi. Na mimi? Nimesema siri nyingi za watu, na nyingi hazikunihusu, lakini hakuna hata moja inayoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni zile wiki mbili nilizonyamaza.

Jumapili binti yangu aliniambia kwamba bwana yake ameanza kula saa kumi na mbili ya jioni, kwa hasira, bila kusema na mtu. Ale kwa hasira. Ila ale saa kumi na mbili.