Gazeti Chini ya Koti

Wendelin Praxmarer aliandikiwa barua ya onyo kwa kosa la kukataa kulowa. Sitii chumvi. Siku moja ya Januari, theluji ya majimaji ikianguka tangu alfajiri, alisimama saa saba mfululizo kwenye kituo cha chini cha lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, akiwapandisha mlimani wageni wa mchezo wa ski, naye amevaa koti lake kuukuu la kijivu badala ya koti jekundu la kampuni. Koti la kampuni huvuja mabegani; hakuna mfanyakazi wa lifti za Hinterleiten, kijiji chetu cha milimani, asiyelijua hilo. Juma moja kabla, Korbinian, mwenzake wa zamu, alilivaa kutwa nzima kwa utii, na nimonia ikamlaza hospitali siku kumi na tisa. Barua ilidai kwamba Wendelin ameidharau sare. Ilikuwa ya pili. Ya tatu humfukuzisha mtu kazi.

Nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili. Ni mjane mwenye ng'ombe wanane, mzito wa kusema, na wakati wa kiangazi hukata nyasi kwenye miteremko ileile ambayo wageni huteleza juu yake wakati wa baridi. Sijapata kumwona akigombana na mtu.

Mwezi Machi Mkurugenzi wetu, Hubert Falkner, alitangaza kwamba yatanunuliwa makoti mapya ya kiume, na kwamba safari hii sisi wenyewe ndio tutakaochagua. Sampuli mbili zilitundikwa kwenye chumba cha tiketi. La kwanza lilikuwa jekundu, lenye zipu nyingi na ukosi wa manyoya. La pili la bluu, zito, lisilo na pambo lolote. Wenzetu wengi walilizunguka lile jekundu. Wendelin aliyapindua yote mawili nje ndani, akayakagua kama akaguavyo meno ya ng'ombe mnadani. Alipoliinua jekundu dirishani, mwanga ulipenya kwenye matundu ya sindano. Mishono ya lile la bluu ilikuwa imezibwa kwa utepe toka bega hadi pindo.

"Hili ni la kuendea harusini," alisema, akilirudisha jekundu.

Mkurugenzi alicheka. "Praxmarer, umeanza lini ufundi cherehani?"

"Tangu Korbinian alazwe, Bwana Mkurugenzi."

Ndipo Wendelin alipotaka tufanye jaribio la baba zetu: yeye na Mkurugenzi kila mmoja aweke gazeti mabegani chini ya koti, wapande lifti isiyo na kifuniko hadi juu, kisha magazeti yakaguliwe. Nje theluji ilikuwa ikianguka, nzito kama uji. Yeye angevaa la bluu, Mkurugenzi avae alipendalo.

"Na gazeti langu likilowa," akaongeza, "usijisumbue kuandika barua ya tatu. Nitaondoka mwenyewe."

Mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja, Mkurugenzi hakuwa na pa kukwepea; akavaa lile jekundu. Kwenye kiti cha lifti niliketi katikati ya hao wawili niwe shahidi.

Katikati ya safari upepo uliisimamisha lifti, tukabaki tukining'inia juu ya korongo. Maji yalitudondokea kutoka kwenye waya. Kwenye mkono wa Wendelin yaliteleza kama shanga, nikaanza kupumua. Kisha nikaona kwamba zipu yake imekwama chini ya kidevu. Aliushika ukosi kwa ngumi na kuufumba. Kwa dakika kumi na mbili hakuuachia, vidole vikageuka vyeupe. Mtu mzima, fundi wa kazi yake, riziki yake ilikuwa imeshikwa na ngumi moja.

Tulifika juu. Kwetu, ukishapita mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, hakuna bwana wala mtwana. Kila mtu huitwa kwa jina lake.

"Vua, Hubert," alisema Wendelin.

Gazeti la Hubert lilitoka vipande vipande. Wino ulikuwa umehamia kwenye shati lake jeupe. Ungeweza kusoma utabiri wa hali ya hewa begani mwake. La Wendelin lilikuwa kavu, isipokuwa kona moja chini ya ukosi, upana wa dole gumba. Mimi nisingeiona. Ni yeye aliyetuonyesha.

"Hapa pamelowa."

Hubert aliigusa kona ile. "Hiyo ni zipu, si koti," alisema taratibu. "Umesema kweli, Wendelin. Tumewalowesha watu bure." Niliyasikia kwa masikio yangu mawili.

Kisha tukateremka. Kituo cha chini kiko mita mia tisa. Hubert alipokanyaga sakafu alivuta mabega, akawa Mkurugenzi tena. Aliwaambia waliokuwa wakingoja kwamba jaribio la gazeti si la kitaalamu, na kwamba oda ya makoti mekundu ilikwisha tiwa saini tarehe kumi Februari. Februari! Tulikuwa tumeitwa kuchagua kilichokwisha nunuliwa. Na kuhusu Praxmarer, alisema, ahadi ni ahadi: gazeti limelowa.

Wendelin alilitundika koti la bluu, akapambana na ile zipu mpaka ikafika juu, akaenda kukamua ng'ombe wake.

Ninyi wa halmashauri ya lifti za Hinterleiten, nawaambia waziwazi: mrudisheni Wendelin Praxmarer kazini, zichaneni barua zake mbili, ifuteni oda ile, na kabla ya theluji ya kwanza leteni makoti yenye mishono iliyozibwa. Nawe, Hubert, simama hapa chini, mbele ya watu walewale kumi na mmoja, uyarudie maneno uliyoyasema kule juu.