Bao la Mwalimu Tusekile

Mwaka 1947, shule ya kanisa pale Ihanda ilikuwa na chumba kimoja, ubao mmoja na mwalimu mmoja, Tusekile. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, lakini akishikilia jambo lake, hata jozi ya ng'ombe wa kulimia haimng'oi.

Watoto wake walimudu kujumlisha na kutoa. Ilipoingia hesabu ya kugawanya yenye baki, wote wakabaki kumtumbulia macho. Akawatoa nje, akawachimbisha mashimo ya bao, kumi na sita kwa kila mchezaji, wakaokota kokoto. Sharti lake lilikuwa moja tu: kabla hujagusa kokoto, taja shimo utakaloishia.

Habari zikamfikia Ezron, mzee wa kanisa, na moto ukawaka. Kwa waumini wale bao lilikuwa mchezo wa penye pombe. Aliyebatizwa aliliacha pamoja na kibuyu chake. Ezron mwenyewe aliliacha hivyo miaka ishirini nyuma. Akatuma neno kwamba Ijumaa anakuja, na akikuta bao, mwalimu afungashe virago.

Mwingine angeyafukia mashimo asubuhi na mapema. Tusekile aliendelea kufundisha kwa mashimo yale yale. Huo ndio ujasiri, nasema mimi.

"Mwalimu, sikukuonya?" Ezron aliuliza Ijumaa ilipofika, amesimama kando ya mashimo.

"Ulinionya, baba. Naomba utazame mchezo mmoja tu, kisha nitaondoka."

Zamu ilikuwa ya binti aitwaye Ferista. Shimo lake lilikuwa na kokoto kumi na tisa. Akahesabu kwa macho, midomo ikimchezacheza, akasema, "Nitaishia shimo la tano mbele."

"La tatu!" Ezron alimaka. "Mashimo kumi na sita, unayazunguka yote mara moja, mkononi zinabaki tatu. Huoni?"

Watoto wakaangua kicheko. Mzee wa watu akaona haya, akainamisha kichwa. Tusekile hakucheka. Aliufuata ubao ulioegemezwa ukutani, akaandika: 19 ÷ 16 = 1, baki 3.

"Nini hicho?" aliuliza Ezron, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Ni maneno yako, baba. Hesabu ya kugawanya ndiyo hiyo. Umeifanya kichwani kabla mimi sijashika chaki."

Mzee akausogelea ubao. Akapitisha kidole mbele ya kila tarakimu, akijihadhari asiiguse.

"Usiifute, mwalimu," akasema. "Iache mpaka Jumapili. Nataka mke wangu aione."