Kompyuta ya Kudarizia

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, shangazi hufuta kioo chake kwa kipande cha kitambaa na kuiambia, "Haya bibi, amka." Ikiamka huleta onyo lilelile: mfumo huu umepitwa na wakati, hautalindwa tena. Shangazi hubonyeza "baadaye" polepole, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Vidole vyake hubadilisha nyuzi za mashine ya kudarizi bila hata kutazama, lakini vikishika kipanya hutafuta kitufe kwa kupapasa. Kompyuta hiyo ndiyo inayoipa mashine maua na nembo zote. Bila yake, mashine ni meza tu.

Jana binamu yangu, mwana wa shangazi, fundi wa kompyuta, alikuja kuikagua. "Mama, ama tuiwekee mfumo mpya, ama tuitupe. Ukiiacha hivi, virusi vitakula michoro yako yote."

"Na huo mpya utaelewana na mashine yangu?"

"Hapo sina hakika. Waliotengeneza programu yake walishafunga kazi."

"Wewe ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Nilikutupa?"

Binamu alicheka. Shangazi hakucheka, kiganja chake kilifunika kitufe cha kuwashia na hakikubanduka mpaka kijana alipoondoka. Kisha akachomoa waya wa intaneti, akauviringisha vizuri kama uzi.

"Shangazi," nikamuuliza, "na siku ikigoma kuwaka?"

"Nitarudi kwenye sindano ya mkono," akasema. "Ila macho ya kazi hiyo sina tena."