Mto wa Udongo Juu ya Bati

Asubuhi Papa Lambert alipokuja kumchukua Orpha, mkoba wa mtoto ulikuwa tayari mlangoni. Mama Safi mwenyewe ndiye aliyeupanga. Kila nguo aliyoiweka ndani aliitoa tena, akaikunja upya, akairudisha. Papa Lambert, shemeji yake, alikuwa amesema kwa simu kwamba baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, itaondoka saa sita mchana kurudi Isangi, na kwamba mtoto wa ndugu yake hatabaki Kisangani kucheza na matope.

Mimi ni jirani yao hapa Mangobo, mtaa wa Kisangani. Natengeneza viti vya kekele, zile fito za msituni zinazopindika, na mahali ninapofanyia kazi panagusana na ua wao. Vipande vinavyobaki nampa Mama Safi kwa ajili ya masomo ya watoto. Ndiyo maana nilikuwapo.

Safi alitoka Maniema akiwa msichana, akaolewa hapa na Franck, mtu wa Isangi aliyefanya biashara mtoni. Franck alikufa, akamwachia mabinti wawili. Mdogo, Gracia, ana afya. Orpha ni SS, kama tunavyosema hapa: damu yake inamletea maumivu makali ya mifupa, hasa baridi ikimpata. Shuleni alikuwa akikosa siku nyingi kuliko alizohudhuria. Mara ya mwisho mvua ilimkuta njiani, na ikabidi abebwe mgongoni mpaka hospitali. Alipopona, Safi alisema basi, watoto wake watasomea nyumbani.

Hakuwa na ubao. Alikuwa na udongo wa mfinyanzi aliouchota kwenye kijito, kwa sababu bibi yake kule Maniema alikuwa mfinyanzi. Herufi za kwanza za Gracia zilikuwa nyoka wa udongo waliokunjwa kwenye sahani. Hesabu zilifanywa kwa vipande vyangu vya kekele, vimefungwa kumi kumi kwa uzi wa rafia. Kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: udongo ulikandwa kwa maji ya vuguvugu tu. Safi aliyapasha kwenye mbabula, jiko la makaa, akayapima kwa kiwiko kama ya kuogesha mtoto mchanga, ndipo Orpha akatia mikono.

Watu walicheka. Mama Georgette, jirani aliyetoka Yanonge, kijiji cha wavuvi, ambaye ulimi wake haulali, aliyaita masomo hayo école, yaani shule, ya matope. "Diplôme yake," alisema, "mvua ikinyesha inayeyuka!" Kicheko hicho kilishuka na mto mpaka Isangi, kikamfikia Papa Lambert, kaka mkubwa wa Franck. Papa Lambert si mtu mbaya. Kwao kuna shule karibu na nyumba, na aliona ni wajibu wake. Alikubali jambo moja tu: kabla ya kumchukua mtoto, ataangalia kwanza kama kuna kitu amejifunza.

Orpha alichagua kumwonyesha mto. Juu ya bati kuukuu alijenga Mto Kongo kwa udongo, na kingo zake, na mawe ya kweli mahali pa maporomoko ya Wagenia. Kati ya mawe alisimamisha vijiti, na kwenye vijiti akafunga migono, vile vikapu virefu vya kutegea samaki, kila mmoja mdogo kama kidole gumba. Alikuwa amekwenda Wagenia na mama yake, akakaa kwenye jiwe akichora kwa kaa la moto lililozimika, huku Safi akibaki nyuma kumshika Gracia asiteleze.

Siku moja kabla ya Papa Lambert kufika, Mama Georgette alichungulia uani, akapiga makofi.

"Ee mama! Huyu mutoto ameweka midomo ya migono kwa juu, kule maji inatokea! Samaki anapanda, anatafuta juu. Mudomo unatazama chini. Hata mutoto mudogo wa Yanonge anajua. Lambert akiona vile, atacheka mpaka meno ianguke."

Safi alinigeukia. "Papa Cyprien, weye unasema nini?"

Nilisema sijui. Mimi ni mtu wa mashamba ya upande wa Masako, samaki namjua akiwa kwenye sahani.

Kulipopambazuka, watoto wakiwa bado wamelala, nilimwona Safi amechuchumaa mbele ya bati. Alilowesha udongo, akaigeuza migono mmoja baada ya mwingine, midomo ikatazama chini.

Papa Lambert alifika na kofia yake na sauti yake kubwa. Alisalimu, akauona mkoba, akaketi kwenye kiti nilichomletea.

"Bon. Mukoba iko tayari, ni vizuri. Donc, Orpha, hii njo masomo?"

"Njo mto, Tonton," Orpha alimjibu baba yake mkubwa. "Wagenia iko huku juu. Hapa ni mujini. Kule chini, Tshopo na Lindi inaingia."

"Na Isangi? Iko wapi?"

Orpha alinyoosha kidole nje ya bati, hewani. "Bati iliisha, Tonton. Isangi iko pale, karibu na kuku."

Papa Lambert alitabasamu kidogo. Kisha akainama, akaona migono, na uso wake ukafunguka. "Eeh! Midomo inatazama chini! Njo vile! Nani alikufundisha? Damu ya Franck hii."

Nilimwona Safi akiutazama mkoba, mabega yake yakishuka polepole. Nilidhani imekwisha. Lakini Orpha alikuwa amekunja uso.

"Hapana, Tonton. Miye sikuweka vile."

"Orpha, nyamaza," mama yake alisema.

"Mutu amegeuza, Mama. Angalia, udongo iko na alama ya vidole. Midomo ilitazama juu."

Papa Lambert aliinuka taratibu. "Iko muzuri, na weye unasema iko mubaya? Unanifundisha samaki, miye? Miye nilizaliwa ndani ya pirogue!"

"Kwenu Isangi maji inatembea polepole, Tonton. Samaki anaweza kupanda. Wagenia maji inamusukuma, anaangukia ndani ya mugono. Niliona."

Pembeni mwa ua Mama Georgette, aliyekuja kutazama, alitoa mluzi mdogo. Papa Lambert alimtazama mtoto, kisha mama. Safi alikuwa na njia rahisi: kusema kwamba mtoto anajichanganya, na sifa zibaki palepale. Alifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Papa Lambert, ni miye niligeuza. Nilisikia maneno ya watu, nikaogopa."

"Donc hata mama hana imani na masomo yake." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Alafu miye niiamini? Leta mukoba. Pikipiki inangoja barabarani."

Gracia alianza kulia.

"Tumwange maji," Orpha alisema. "Mchele itakuwa samaki. Utaona, Tonton, alafu twende."

Simu ya Papa Lambert ilianza kuita. Alijibu, "Nakuja," akaifunga. "Haraka basi." Alichukua mwenyewe bidoni, dumu la maji lililokaa nje usiku kucha, akamwelekezea mtoto.

Safi aliruka. Sijapata kumwona akimgusa shemeji yake, lakini siku hiyo alimkamata mkono. "Ya baridi, hapana!"

"Mama Orpha! Bateau inaenda!"

"Iende. Ya baridi, hapana."

Makaa yalikuwa yamelowa mvua ya jana. Safi alipuliza mbabula mpaka machozi yakamtoka, na moshi ukazunguka ua wote. Simu iliita tena, hakuna aliyeijibu. Papa Lambert alisimama mkono kiunoni, akitazama barabara, akitazama sufuria. Maji yalipoanza kutoa mvuke Safi aliyamimina kwenye beseni, akaongeza ya baridi, akapima kwa kiwiko. Akaongeza kidogo tena. Akapima tena. Ndipo akasema, "Tia mikono."

Orpha alilainisha udongo, akageuza migono ya upande mmoja tu. Ya upande wa pili aliiacha kama mama yake alivyoiweka. Mimi niliinua bati kidogo kwa nyuma. Gracia, bado akiwa na kwikwi, alidondosha mchele kutoka kiganjani, na Orpha akamimina maji kutoka juu.

Mchele ulishuka kwa kasi kati ya mawe. Upande wa Safi ulijigonga kwenye ncha za migono, ukapita, ukaanguka ardhini. Upande wa Orpha, punje ziliingia ndani na kukwama humo.

Papa Lambert alichuchumaa. Alichomoa mgono mmoja, akautikisa juu ya kiganja chake, akahesabu samaki wake wa mchele.

"Maji ya Wagenia iko na wazimu," alisema mwishowe.

Mama Georgette alicheka peke yake.

Nilidhani ataendelea na habari za samaki. Lakini alikuwa akitazama beseni. "Kila mara unapasha maji vile?"

"Kila mara," Safi alijibu.

"Hata kwa kunawa tu?"

"Hata kwa kunawa. Baridi ikimuingia, usiku mifupa inamuliza. Hakuna mutu analala."

Papa Lambert alishika mkono wa Orpha, akaugeuza, akatazama vidole vilivyovimba kidogo kwenye viungo. "Kule kwangu, mama mukubwa wenu anaenda shamba mapema. Batoto banaoga mtoni." Alisema hivyo kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Simu ikaita mara nyingine.

Aliinuka, akaenda mlangoni, akaubeba mkoba. Safi alifumba macho. Kisha tukasikia mkoba ukitupwa kitandani, ndani ya nyumba.

"Nitaambia familia mutoto anasoma," Papa Lambert alisema alipotoka. "Lakini Orpha, nataka mugono ya Isangi pia. Mudomo chini! Nikirudi, nione."

"Bati iliisha, Tonton."

"Nitaleta bati!" alijibu akiwa tayari anakimbilia pikipiki, kofia mkononi.

Safi alikaa chini pale pale, mikono ndani ya beseni, ingawa maji yalikuwa yanapoa.

"Mama," Orpha alisema, "siku ingine uniulize miye."

"Nitakuuliza."

Kuku aliyekuwa amesimama pale Isangi alipanda juu ya bati, akaanza kula samaki kwenye migono. Hakuna aliyemfukuza.