Kaye ya Njia ya Kamituga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kabla kiti changu hakijapata joto. Ilikuwa Katana, si mbali na Bukavu, kwenye bohari ya misheni, nami nilikuwa nimetoka shule juzi tu. Mkuu wangu, Père Économe, padri aliyesimamia mali ya misheni, alikuta nimekwisha andika kwenye jurnali, yaani kitabu cha matumizi ya kila siku, mstari mmoja wa wino mwekundu: mchanga, hakuna pièce, umekataliwa. Pièce ni karatasi inayothibitisha matumizi, risiti au faktura. Mzee aliyeleta mchanga alikuwa bado amesimama dirishani.

“Ulimuuliza?” akasema Père Économe.

“Hana pièce, mon père.”

“Sikuulizi juu ya karatasi. Nakuuliza kama ulimuuliza mutu. Pièce ikikosa, tafuta batu wawili benye waliona. Baseme, uandike, batie saini. Kisha ndiyo utakataa.”

Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Somo lile nililishika zaidi ya yote niliyosomea, na siku nilipoliacha, mtu mwingine ndiye aliyelipa.

Nikaolewa Bukavu, nikaajiriwa kuwa comptable, mhasibu, kwenye depo ya unga, sabuni na mafuta ya kupikia karibu na soko la Kadutu. Mwenye depo tulimwita Muzee Patron. Alikuwa na Fuso moja na dereva mmoja, Papa Bisimwa, aliyepeleka mizigo Kamituga kwa wauzaji wa kule machimboni. Nyinyi vijana mnaolipa kwa simu na kupata ujumbe papo hapo, njia ile hamuijui. Gari likizama kwenye matope, vijana wa kijiji wanalivuta kwa kamba na wanataka kulipwa hapohapo. Daraja likikosa mbao, mwenye mbao anakukodishia. Kwenye kila kizuizi kuna mtu amenyoosha mkono. Hakuna hata mmoja kati yao anayeandika risiti, na ukimwomba, bei inapanda.

Basi nikanunua daftari nene, tukaliita kaye ya njia. Kila Papa Bisimwa aliporudi, kabla hajanawa uso, alikaa mbele yangu pamoja na konvoyeri wake, mtu anayesindikiza mizigo juu ya gari. Mmoja anaeleza, mwingine anamsahihisha: hapana, pale walitutoza mara mbili, umesahau. Ninaandika mahali, sababu na kiasi, wao wanatia saini kwa vidole vyenye grisi. Jumamosi Muzee Patron anasoma, anauliza maswali yake magumu, anatia saini chini ya ukurasa. Baada ya hapo ndipo jumla peke yake inaingia kwenye jurnali: gharama za njia. Tulifanya hivyo hadi alipofariki.

Mwanawe akatoka masomoni Kinshasa kushika depo. Yeye tulimwita Directeur. Siku moja akaniuliza, “Maman Comptable, mu mujini kuko fiduciaire, wahasibu wa kulipwa kwa mwezi. Tuwape vitabu, ao tubakie hivi?”

Wengi wanaosimulia habari hii wanamtupia yeye lawama zote, na mimi nakataa. Nilijibu tuwape. Sheria za kodi zilikuwa zinabadilika kila nilipozielewa, macho yangu yalichoka, na bei yao ilikuwa chini ya mshahara wangu. Mimi ningebaki kwenye kesi, kutoa na kupokea pesa tu, mpaka nistaafu. Tena, niseme kweli, nilifurahi kuulizwa. Nilitaka kijana yule anione mama wa kisasa.

Mhasibu wao alikuja na kompyuta na shati lililopigwa pasi. Nikampa jurnali, nikampa grand livre, kitabu kikubwa kinachopanga kila hesabu mahali pake, nikampa mafungu ya pièce. Kaye ya njia nilikuwa nayo mkononi. Ilinuka mazutu, mafuta ya lori, kurasa zimekunjamana, na mwandiko ni wa haraka. Nikaona aibu. Nikaisukuma ndani ya kikapu chini ya sombe, majani ya muhogo niliyonunua sokoni, na kuipeleka nyumbani. Hakuna aliyeniamuru. Ni upuuzi wangu mwenyewe, na hadi leo nikiukumbuka natamani kujizaba kofi.

Safari iliyofuata, Papa Bisimwa na konvoyeri wake wakaja kukaa mbele yangu kama kawaida.

“Maman, andika.”

“Papa, ile haiko tena kazi yangu. Mupande kule kwa ofisi yao.”

Wakapanda, wakarudi upesi. “Banasema tulete karatasi,” Papa Bisimwa akaniambia. “Karatasi ya nani, Maman? Ya matope?” Tukacheka. Mimi, niliyefundishwa Katana, nikacheka, na kaye nikaiacha nyumbani juu ya kabati.

Mwezi wa nne tangu tuwape vitabu, ripoti yao ikaja. Kulikuwa na mstari mpya: pesa alizopewa dereva bila kuonyesha zilikokwenda. Safari zote nne zilikuwa humo, na jina lake pembeni. Directeur alishuka nayo uani, wafanyakazi wote wakishusha mifuko ya unga.

“Bisimwa! Miaka yote hii Papa wangu anakulisha, kumbe uko muizi! Leta ufunguo!”

Papa Bisimwa aligeuka akatazama dirisha langu. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta kalamu.

Akapewa kazi ya kubeba mifuko, kwa umri wake ule. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Nilinyamaza wiki mbili nzima, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba niliificha kaye. Kisha siku moja nikamwona anapumzika katikati ya uwanja, mfuko ungali mgongoni, na hasira ikanipanda, juu yangu mwenyewe na juu ya Directeur. Kesho yake nikamtupia Directeur kaye mezani.

“Hii ni nini?”

“Soma chini ya kila ukurasa.”

Alisoma. Ukurasa baada ya ukurasa, saini ya baba yake. Mahali ni palepale, kamba ni zilezile, vizuizi ni vilevile, na jumla ya kila safari haikupishana sana na zile za ripoti.

“Maman, juu ya nini haukuwapa wale wahasibu?”

“Juu ya aibu, Directeur. Na wewe, juu ya nini haukumuuliza?”

Akaahidi kupanga mambo, nami nikarudi na kaye nyumbani. Wiki zikapita, hakupanga kitu. Ikafika siku yangu ya kustaafu: Fanta, mishikaki, kitenge cha zawadi, na hotuba ya Kifaransa. Katikati ya hotuba Directeur akaingiza sentensi moja ya haraka, kwamba kulitokea kutoelewana kuhusu dereva Bisimwa na kwamba depo inasikitika. Akatua kidogo, watu wakapiga makofi. Papa Bisimwa, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour, naye akapiga makofi. Alidhani mimi ndiye ninayesifiwa.

Nikasimama, kitenge kikaanguka chini.

“Directeur! Ulimuita muizi na Kiswahili. Musamaha nayo useme na Kiswahili.”

Directeur akatazama viatu vyake, kisha akamtazama dereva wake. “Papa Bisimwa, hauko muizi. Ni mimi nilikosa. Unisamehe.” Akatoa ufunguo wa Fuso mfukoni, akamnyooshea.

Papa Bisimwa alipangusa unga mikononi polepole. “Nimesikia, Directeur. Ile ufunguo umupe mwenye kuwa na karatasi.” Akavaa kofia yake, akatoka kwa mlango mkubwa, na hakurudi tena.

Siku hizi wenye maduka huja kwangu kuniuliza kama watoe vitabu vyao nje. Siwakatazi. Wapeni wale wahasibu tamko la kodi, wapeni bilan, mizania ya mwisho wa mwaka, wanaijua kuliko mimi. Lakini ndani ya depo muwe na mtu wenu wa kumsikiliza anayetoka njiani, siku ileile, matope yakiwa bado miguuni. Mkishindwa kumlipa huyo, fungeni duka. Wengine wananiona mkali. Na wanione.

Mwezi uliopita nilikwenda na kaye kwa Papa Bisimwa, nikamwomba anisamehe, nikamwomba tuandike zile safari nne. Akamwita konvoyeri wake wa zamani. Waliikumbuka kila kamba na kila ubao, wakabishana kama zamani, wakatia saini. Chini ya kurasa hizo nne, mahali pa Patron, ni peupe. Directeur amekwisha kutuma mtu mara mbili kuichukua kaye, akisema ni mali ya depo. Mara zote mbili nimemrudisha mjumbe na jibu moja: kaye iko mezani kwangu, kalamu iko juu yake, aje yeye mwenyewe.